Usifue Kwanza

Ukutani mwa duka la dobi, juu ya meza ya kupigia pasi, kulikuwa na maandishi ya rangi nyekundu aliyoyaandika mwenyewe siku moja alipopandwa na hasira: LETE NGUO IKIWA CHAFU. USIFUE KWANZA. Herufi za mwanzo zilikuwa kubwa na zenye adabu. Alipofika kwenye "kwanza" nafasi ilikuwa imekwisha, ikabidi neno lijikunje kuzunguka swichi ya taa.

Hakuyaandika kwa mapambo. Watu walikuwa wamemchosha. Mtu anamwagikiwa na yai au maziwa, au anajikata kidole damu inaingia kwenye shati. Anaona aibu kulipeleka doa hadharani. Basi anajifungia bafuni, anachemsha maji, anasugua, anatia chumvi, anatia limau, anatia kila kitu isipokuwa akili, kisha anamletea dobi doa lililokwisha kupikwa likaiva.

"Doa la damu linataka maji baridi na subira," alikuwa akiwafokea. "Ukilimwagia maji ya moto, umelioa. Mtazikwa pamoja."

Mwalimu mmoja wa kike aliwahi kumletea kitambaa cha meza, amekikunja mara nyingi kama anayeficha mtoto mgonjwa.

"Nimekisuuza kidogo tu, fundi. Niliona aibu ukione kilivyokuwa."

"Aibu? Mama, mimi ni dobi au ni mkweo?"

Mwalimu aliondoka amenuna. Mke wa dobi, aliyekuwa nyuma akikamua mashuka, alichungulia kwenye pazia.

"Umemfukuza tena mteja."

"Sijamfukuza. Nimemfundisha."

"Mwalimu umemfundisha. Haya."

Ujuzi wa madoa aliupata ujanani, katika chumba cha kufulia cha hospitali. Msimamizi wa chumba kile alikuwa mtu mrefu asiyecheka. Alisimama dirishani akiinua kila shuka kwenye mwanga. Akiona doa, hata la ukubwa wa punje ya mtama, hakusema neno. Alilidondosha shuka sakafuni, na aliyelifua akaliokota akaanza upya. Dobi aliondoka hospitalini akaja kufungua duka lake mwenyewe, lakini msimamizi hakuondoka kichwani mwake. Alipokuja kumwamini Mungu, alimpa Mungu urefu uleule na dirisha lilelile.

Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Bado.

Jina hilo alilipata kanisani. Alikuwa ameingia darasa la ubatizo zamani, wakati nywele zake zote zikiwa nyeusi, na hakuwahi kutoka. Wachungaji walihamishwa, wengine wakaletwa, nao wakarithishana yeye kama benchi. Watu alioanza nao darasa walibatizwa, wakaoa, wakawa wazee wa kanisa, na mmoja wao sasa alikuwa akilifundisha darasa hilohilo. Akisahau aya, alimgeukia Bado, na Bado akamkumbushia. Lakini kila ubatizo ulipokaribia na mchungaji akauliza, "Mzee, safari hii uko tayari?" jibu lilikuwa moja: "Bado kidogo, mchungaji."

Kilichomzuia kilikuwa hasira yake. Alikuwa amejiwekea sharti: apitishe kwanza mwezi mzima bila kumfokea mtu, ndipo ajipeleke kwa Mungu akiwa na kitu mkononi. Sharti hilo hakupewa na kanisa wala hakulisoma popote. Alilitunga mwenyewe, akalitii kwa unyenyekevu mkubwa, na kila mara likamshinda. Karibu afaulu mara moja tu, na ni kwa sababu mafua yalimkausha sauti.

"Hata hapo ulinifokea kwa mikono," mkewe alimkumbusha.

Jambo la kuchekesha, au la kusikitisha, ni kwamba kanzu nyeupe za ubatizo alizifua yeye. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuzigusa. Alizilaza kwenye maji ya bluu, akazitia wanga, akazipiga pasi ya mkaa, maana umeme hakuuamini. Miongoni mwa kanzu hizo ilikuwamo moja aliyoishonesha kwa fundi kwa kipimo chake mwenyewe. Kila ubatizo aliifua pamoja na nyingine, akainyoosha, akairudisha kwenye mfuko wake wa plastiki, ikangoje mwezi ule msafi. Ilikuwa nyeupe kuliko zote, kwa kuwa haikuwahi kuvaliwa na mtu.

"Baba," mkewe alimwambia siku moja, "watu wote umewafulia kanzu. Wewe mbinguni utaingia na singlendi?"

"Ningoje nitulie kwanza."

"Tangu unioe nakungoja utulie."

Sasa, mtu anayetaka kutulia asipange duka jirani na muuza mkaa. Bado alipanga. Ukuta mmoja tu uliwatenganisha, na nyuma ya ukuta huo kulikuwa na ua mmoja: upande huu kamba za nguo nyeupe, upande ule rundo la mkaa lililofunikwa turubai lisilofungwa vizuri hata siku moja. Upepo ukivuma, dobi alitoka mbio huku akifungua mdomo.

"We makaa! Funga turubai lako!"

"Upepo sikuuita mimi!"

"Mkaa uliuita wewe!"

"Na pasi yako unatia nini, dobi? Maziwa?"

Hapo ndipo palipouma. Mkaa wa pasi aliununua kwa jirani huyohuyo, kwa sababu hapakuwa na mwingine karibu, na kila asubuhi aliuchagua kipande kwa kipande akilalamika kwamba hauwaki, ni majivu yaliyopakwa rangi. Muuza mkaa, pande la mtu, mweusi kwa kuzaliwa na mweusi zaidi kwa kazi, alijibu kwa matusi ambayo mke wa dobi aliziba masikio asiyasikie, kisha akayazibua ili asikie mwisho wake.

Basi wiki moja kabla ya ubatizo, mkewe alirudi kutoka mazoezi ya kwaya, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kuvua viatu polepole. Akivua viatu namna hiyo, ana habari.

"Jirani yako anabatizwa Jumapili."

"Jirani yupi?"

"Una majirani wangapi?"

Bado aliiweka pasi kwenye kigae chake.

Habari ilikuwa hivi. Muuza mkaa alikuwa amepeleka gunia jikoni mwa kanisa, kwa ajili ya chai ya wageni. Akachoka, akaketi benchi la nyuma apumzike, ibada ikiendelea. Mchungaji alikuwa akihubiri kwamba Mungu ametoa bure kile ambacho hakuna mtu angeweza kukipata kwa jasho lake, kwamba Kristo amekwisha kumaliza kazi msalabani, na mtu anachotakiwa ni kupokea. Muuza mkaa alisikiliza hadi mwisho. Watu walipotoka, alimfuata mchungaji na gunia tupu begani.

"Hicho kitu ulichosema, ni cha kila mtu au kina wenyewe?"

"Cha kila mtu."

"Hata mimi? Unajua mdomo wangu ulivyo?"

"Mtaa mzima unaujua. Hata wewe."

"Basi nakitaka," alisema muuza mkaa, na macho yakamlowa, akayapangusa kwa gunia, akatoka kanisani mweusi kuliko alivyoingia. Tangu siku hiyo alikuwa akienda kwa mchungaji kila jioni kusomeshwa.

"Kila jioni!" Bado alipaza sauti. "Mimi nimesoma hadi kiti kimechukua umbo langu!"

Hakungoja kula. Alivaa viatu bila soksi, akaenda moja kwa moja ofisini kwa mchungaji. Alikuwa mchungaji kijana, aliyehamia karibuni, na ofisi yake ilikuwa chumba kidogo chenye kabati lisilofunga na viti vya kwaya vilivyovunjika.

"Mchungaji, yule mtu Jumatano amenitukana."

"Karibu, mzee. Na wewe ulimjibu nini?"

Bado alikohoa. "Nilimjibu... kwa kifupi."

"Nimesikia. Niliwasikia kutoka hapa."

"Hayuko tayari! Mtu haachi matusi, haachi kelele, anaingizwa majini vivi hivi? Sisi wengine tunajitayarisha miaka!"

"Mzee, yule hakuniambia yuko tayari. Aliniambia anakitaka. Anajua alivyo, anajua nani wa kumkimbilia, na tangu aamini ameanza kumeza nusu ya matusi anayotaka kukwambia."

"Kumbe niliyoyasikia ni nusu?"

Mchungaji alijikaza asicheke. Akavuta kiti chenye miguu mitatu, akaketi kwa tahadhari. "Mzee wangu, nikuulize swali moja la darasani. Kristo alikufa kwa ajili ya mtu gani? Yule Bado wa mwezi ujao, aliyetulia, asiyefoka? Au huyu aliyesimama hapa mbele yangu bila soksi?"

Bado alijua jibu. Angeweza kutaja na aya. Ndicho kilichomuudhi zaidi. Ya darasani yote alikuwa nayo, yamepangwa kichwani kama mashati, lakini hakuwahi kujaribu hata moja mwilini.

"Bado kidogo, mchungaji," alisema, akatoka akigonga mlango, na kabati likafunguka lenyewe.

Usidhani aliyaacha hapo. Alipokuwa akipanga kanzu kwa ajili ya Jumapili, mkono wake ulifanya jambo ambalo moyo ulijifanya hauoni: ule msumari uliotengwa kwa muuza mkaa aliutundikia kanzu fupi kuliko zote, iliyoshonwa kwa ajili ya wavulana. Jirani angeingia majini magoti nje, mbele ya kanisa zima. Bado aliirudia kanzu ile, akalisawazisha pindo lake, akainyoosha kwa uangalifu wa kitaaluma. Uonevu wake ulikuwa na marinda yaliyonyooka.

Jumamosi mchana, jua limewaka na kanzu zote zimekauka, alikuwa akipiga pasi kanzu ya mwisho, ile ya kwake, kabla ya kuirudisha kwenye plastiki. Mkewe alikuwa upande wa pili wa meza akikunja. Mlangoni kukawa na kivuli, kisha muuza mkaa akaingia akiwa amekumbatia kifurushi cha gazeti.

Bado hakumtambua mara moja. Mtu yule alikuwa amejisugua. Si kujisugua kwa mchezo. Shingo ilikuwa na michubuko, na mikono aliipitishia chuma cha kusugulia masufuria hadi ngozi ikavimba. Pamoja na hayo yote, mistari ya viganja vyake ilikuwa myeusi vilevile, kama imechorwa kwa kalamu.

"Shemeji, habari za hapa," alimwambia mke wa dobi kwa upole wa mgeni. Kisha: "Jirani, nina shida."

"Turubai?"

"Hapana. Shati." Akalifungua gazeti. "Ndilo pekee jeupe ninalo. Nataka nilivae kesho nikitoka majini. Lilikuwa na damu, ndoana ya magunia ilinichoma. Nikaona aibu kukuletea wewe hivyo, maana nakujua. Nikalichemsha kwanza."

"Umelifanya nini?"

"Nimelichemsha. Mara mbili. Nikatia na soda."

Doa lilikuwapo kifuani mwa shati, la kahawia, limetulia kama mwenye nyumba.

Bado alisahau ubatizo, kanisa na mwezi mzima. Alikuwa dobi, na mbele yake kulikuwa na shati lililouawa.

"Nani alikutuma ufue? Husomi ukuta? Hapo hapo juu ya kichwa changu pameandikwa! Ungeniletea na damu yake mbichi, ningeitoa kabla hujamaliza kunisalimia! Lakini hapana, wewe unataka lije kwangu likiwa safi! Likija safi mimi nalifanyia nini? Nilipigie makofi? Kazi ya kutoa uchafu ni ya nani hapa, yako au yangu? Kazi yako ni moja tu, moja! Kulileta! Lilivyo! Kwani ni kitu kigumu hicho, kuleta?"

Akaishiwa pumzi. Muuza mkaa hakurudisha hata tusi moja. Alijishusha kwenye ndoo iliyopinduliwa, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyeondolewa gunia mgongoni.

"Basi kumbe ni kweli," alisema.

"Kweli nini?"

"Jana nilikwenda kwa mchungaji. Nikamwambia, tuahirishe. Nimejisugua wiki nzima, mikono haitakati, na ndani ndiyo usiseme. Ngoja nijisafishe kwanza nije. Akaniambia karibu maneno yako haya haya. Nije nilivyo, kazi ya kusafisha si yangu. Nikadhani ananifariji tu, wachungaji wana huruma." Akamtazama Bado kwa heshima. "Lakini wewe huna huruma. Kama hata wewe unasema hivyo, basi ni kweli."

Mke wa dobi aliacha kukunja. Aliinua macho akasoma ukuta, neno kwa neno, hadi lile lililojikunja kwenye swichi, kisha akamshushia mumewe macho yale.

Bado naye alisoma. Aliyaandika mwenyewe na alikuwa amefanya kazi chini yake miaka yote hiyo, lakini ilikuwa kama yameandikwa asubuhi ile na mtu mwingine, tena kwa ajili yake. Alimwona yule msimamizi mrefu wa hospitali dirishani na shuka mkononi, akajiuliza, labda kwa mara ya kwanza, kama kweli huyo ndiye Mungu ambaye alisomeshwa habari zake darasani. Yule wa darasani hakusimama dirishani. Yule alikunja mikono ya nguo, akaingiza mikono karaini. Mikono yenyewe ilitobolewa.

"Baba," mkewe aliita.

Hakusikia.

"Baba! Pasi!"

Moshi ulikuwa umekwisha kupanda. Alipoinyakua pasi, kanzu yake, ile ambayo haikuwahi kuvaliwa, ilikuwa na alama ya kahawia katikati ya mgongo, umbo kamili la pasi, hata ncha yake.

Tangu hospitalini hakuwahi kuunguza nguo.

"Umeniunguzia kanzu!" alimgeukia muuza mkaa.

"Mimi? Pasi unayo wewe!"

"Mkaa ni wako! Unawaka mno!"

"Eh! Leo unausifia!"

Mke wa dobi alianza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa kuuma shuka, ikashindikana, akaketi chini. Muuza mkaa akafuata, kicheko cha gunia linalomwagwa. Bado alisimama katikati yao na kanzu mkononi, mdomo wazi, akitafuta neno kali la kutosha. Halikuja. Kilichokuja ni sauti ndogo.

"Nimefoka tena."

"Umefoka," mkewe alikubali, akifuta machozi.

"Mwezi umeharibika."

"Mwezi uliharibika asubuhi, kwa yule kuku aliyekanyaga foronya."

Bado aliigeuza kanzu, akapitisha kidole kwenye alama. Alikuwa dobi, hakuhitaji kuambiwa. "Hili halitoki," alisema. "Hata mimi siliwezi."

Mkewe aliinuka, akaichukua kanzu, akampimia begani kama anavyopimiwa mtoto nguo ya shule.

"Sasa ndiyo imekutosha," alisema.

Alikwenda kwenye misumari, akaishusha ile kanzu fupi, akaificha chini kabisa ya kapu, na mahali pake akatundika ndefu kuliko zote. Muuza mkaa aliona yote akadhani ni utaratibu wa kazi.

Jumapili mbao zilizofunika birika la saruji mbele ya mimbari ziliondolewa, na maji yakaonekana, baridi na tulivu. Wanaobatizwa wakajipanga. Nyuma ya muuza mkaa, aliyevaa kanzu iliyomfika vifundoni kama mfalme, alisimama mtu ambaye kanisa lilimwona, likamwona tena, kisha likaanza kunong'ona. Yule mzee wa kanisa aliyefundisha darasa alivua miwani akaifuta. Alama ya pasi iling'aa mgongoni kwa Bado, kila benchi likaiona.

"Kaka, umeungua," mama mmoja wa mbele alimnong'oneza.

"Najua, mama. Asante."

Muuza mkaa aliingia, akaulizwa, akajibu, akazamishwa, akaibuka akipiga chafya na kumshukuru Mungu kwa sauti iliyotikisa vioo. Kisha zamu ikafika. Bado alishuka ngazi. Maji yalimshika tumboni, akajikaza kisabuni.

Mchungaji alimshika mkono. Alijua kwamba swali la namna hii, kwa mtu huyu, lina jibu lake la miaka yote, na kanisa zima lilijua hivyo.

"Mzee. Unampokea Yesu Kristo kuwa Bwana na Mwokozi wako?"

Bado alifungua mdomo. Kwa kitambo kidogo kila mtu aliliona lile neno la zamani limekaa kwenye ulimi wake, tayari kutoka kwa mazoea.

"Ndiyo," alisema.

Neno moja. Alilitamka, akabaki anamtazama mchungaji kama anayengoja sehemu ngumu ianze. Haikuwapo. Mchungaji alimlaza majini na kumwinua, na mkewe kule kwenye kwaya akaanza wimbo kabla ya zamu yake, kwa ufunguo usio sahihi, na hakuna aliyejali.

Bado alipangusa uso. Akayatazama maji yaliyomzunguka, yamegeuka rangi ya moshi.

"Mchungaji!" alifoka, machozi yanamtiririka. "Kwa nini mmemtanguliza muuza mkaa?"

Mchungaji alicheka hadi akashika ukingo wa birika asianguke.

Jumatatu kanzu zote zilikuwa kwenye kamba uani, na ile yenye alama ilikuwa katikati. Upepo ukavuma. Turubai likainuka pembe moja, vumbi likapaa.

"We makaa!" Bado alitoka mbio. "Funga turubai lako!"

"Ndugu!" sauti ilijibu kutoka nyuma ya rundo. "Ndugu yangu katika Bwana! Kamba imekatika!"

Bado alisimama. Alivuta pumzi, akaitoa, akageuka akachukua mkebe wa vibanio vya nguo, akavuka ua kwenda kubana turubai, huku akinung'unika njia nzima juu ya watu wasiojua kufunga fundo.

"Na ule mwezi wako je?" mkewe alimuuliza mlangoni. "Unaanza leo?"

Bado alimgeukia, vibanio viwili mdomoni. Alikuwa akifikiri kwa dhati.

"Mwezi gani?" alisema.